Bunduki ya Kushonea Zulia

Watu huona aibu kwa sababu ya ulevi, au mke wa mtu, au kukutwa na kuku wa jirani ndani ya gunia. Mimi aibu yangu ilianza na nyuzi za sweta.

Nafanya kazi maabara, katika hospitali moja hapa Karagwe. Kutwa nzima nimeinamia hadubini, natazama damu za watu zilizotiwa rangi, waridi na zambarau, na jioni narudi kwenye vyumba vyangu viwili vya kupanga Kayanga. Mwenye nyumba anaviita apatimenti kwa sababu viko juu na vina choo ndani. Jiko lenyewe ni dogo kiasi kwamba ukifungua kabati, mlango haufunguki. Sina mke. Kwa umri wangu hilo peke yake linatosha kunifanya mada ya mazungumzo kila ninapokwenda nyumbani Kibingo.

Jioni moja kwenye simu nikamwona mtu wa nchi za mbali amesimama mbele ya kitambaa kilichowambwa kwenye fremu. Mkononi ana kifaa kama drili, kina kitufe cha kubonyeza kwa kidole, na uzi unapita ndani yake. Anabonyeza, kifaa kinaunguruma, uzi unadungwa kwenye kitambaa haraka haraka, na upande wa pili manyoya yanaota. Kwa dakika chache akawa ameotesha ua zima. Nilitazama video hiyo na nyingine za aina hiyo mpaka bando likaisha, nikabaki nimeishika simu kama mjinga.

Nilikitamani kifaa kile kwa namna ambayo sikuweza kumweleza mtu. Kwetu kusuka ni kazi ya wanawake. Mwanaume anakata ndizi, anakamua rubisi, pombe yetu ya ndizi, anapalilia kahawa, anajenga. Akikaa chini kusuka mkeka, watu wanauliza kama anaumwa. Mimi tayari nilikuwa mwanaume asiye na mke, mwenye mikono laini ya maabara. Nikisema kwamba jioni nataka kushona mazulia yenye maua, ningekuwa nimewamalizia kazi wale wanaonisema.

Na wakati huo nyumbani hakukuwa shwari. Baba alipofariki tulimzika kibanjani, shamba letu la nyumbani, kati ya migomba, kama tunavyozikana sisi. Ukoo ukakaa ukagawa kibanja kwa watoto wawili, mimi na kaka yangu. Ukisimama barabarani ukakitazama, nyumba ya kaka iko kushoto, na ile ya zamani anayokaa mama, iliyomo kwenye sehemu yangu, iko kulia. Ni nyumba zinazofanana kabisa, maana baba alipomjengea kaka alimwambia fundi aige ile ile. Katikati kuna mstari wa mimulamula, miti ile tunayopanda mpakani ili kesho na keshokutwa watu wasigombane. Sasa mimulamula ya chini ilikauka, na hapo chini ndipo lilipo kaburi la baba. Kaka akapanda mingine bila kuniuliza, na alivyoipinda, kaburi likaangukia upande wake.

Mtu wa mbali atajiuliza tunagombea nini hapo. Ni mahali pa kulaza mtu mmoja. Lakini kwetu, yule ambaye mzazi amelala kwenye sehemu yake ndiye anayeonekana ameushika mji. Wakija wageni wa ukoo wanakaa kwake. Mimi niliyesomeshwa, niliyepanga Kayanga, nilijiona nafutwa. Kwenye kikao cha mwisho nilisimama mbele ya baba mdogo na wazee wengine, nikamtazama kaka, nikasema, "Nitajua la kufanya." Ni maneno ninayoyasema kila ninapokuwa sijui kabisa la kufanya. Nikaondoka bila kula.

Kifaa niliagiza Kampala, kwa mfanyabiashara mmoja tunayefahamiana, akanitumia mpaka Murongo. Nilikwenda mwenyewe mpakani kukichukua. Afisa wa forodha alifungua boksi, akakigeuza geuza, akaniuliza ni cha nini. Nikamjibu kwa sauti ya chini kwamba ni cha kutengenezea mazulia. Akamwita mwenzake aje kuona. Mwenzake akauliza kama ni cha mama watoto. Nikasema ndiyo. Wakanihesabia ushuru, nikalipa, nikatoka nikiwa na boksi langu kwapani na masikio yanawaka moto.

Nje nikakutana na bodaboda ninayemfahamu, kijana wa kwetu Kibingo. Alipokuwa anafunga boksi nyuma akaliona zito, akaniuliza limebeba nini. Nilikuwa nimechekwa vya kutosha kwa siku moja. Nikamjibu, "Bunduki." Sikusema uongo. Hata kwenye zile video wanaiita hivyo, bunduki ya kushonea. Ila sikumalizia jina. Akacheka, akanitazama usoni aone kama na mimi nacheka, mimi sikucheka. Basi akalifunga lile boksi kwa adabu, na njia nzima akawa ananiita bosi. Niseme ukweli, ilinipendeza.

Huko Kayanga nikaanza kupanga maisha yangu upya kuizunguka hiyo bunduki. Kwanza fremu. Nilimwendea seremala nikamwomba mbao nne ziungwe kama fremu ya dirisha, halafu zipigwe misumari midogo pande zote, vichwa vikatwe, zibaki ncha. Akaniuliza ni za kazi gani. Nikamwambia za kukaushia ngozi ya mbuzi. Akasema hajawahi kuona mbuzi wa mraba. Akatengeneza hata hivyo, na watu wawili wakaibeba juu ngazini huku mke wa jirani akichungulia.

Fremu ikajaza sebule. Niliifunga kwenye meza kwa vibano, ikasimama katikati ya chumba kutoka ukuta mpaka ukuta. Upande huu nilibaki na nafasi ya kusimama mimi na mlango wa kuingilia. Upande wa pili, dirishani, ilibaki nafasi ya kiti kimoja ambacho ninatundikia nguo mbichi. Jiko liko upande huo wa dirisha, kwa hiyo kila nilipotaka chai ilinibidi nipige magoti nipite chini ya fremu, na nikirudi na kikombe nakitanguliza sakafuni kwanza. Nilipiga magoti zaidi nyumbani kwangu kuliko nilivyopiga kanisani.

Kitambaa cha kwanza kilikuwa gunia la kahawa. Niliona gunia si limesukwa, nikaliwamba vizuri kwenye ile misumari, nikaichomeka bunduki kwenye umeme, nikabonyeza. Ilinguruma ikanivuta mkono, ikachana gunia kutoka juu mpaka chini, na nyuzi zote zikamwagika kwa nyuma. Nikajaribu tena polepole na gunia lingine, likapitisha nyuzi bila kuzishika hata moja. Ndipo nikaagiza kitambaa chenyewe cha kazi hiyo. Gundi ya kupaka nyuma nayo, niliazima akili nikanunua ya mafundi viatu. Harufu yake ilishuka mpaka kwa jirani wa chini, akapanda kuniuliza kwa upole kama niko salama. Nikamwambia natengeneza viatu. Kwa hiyo mpaka hapo nilikuwa mchuna ngozi na fundi viatu.

Nyuzi nilizinunua sokoni, kwa mama mmoja anayeuzia wanaosuka nywele na wanaofuma vitambaa vya makochi. Nilichukua kijani nyingi, kahawia, na rangi ya udongo wetu mwekundu. Akaniuliza mke wangu ana ujauzito wa miezi mingapi, kama anaanza kufuma sweta za mtoto. Nikamwambia amekaribia. Tangu siku hiyo kila nikipita ananiuliza kama tumepata wa kike au wa kiume, na mimi sasa sokoni napitia mlango wa nyuma.

Na bado, hakuna kitu kilichowahi kunituliza kama kile. Natoka kazini nimechoka, nafunga mlango kwa ufunguo, nashusha pazia, nabonyeza. Trrrr. Mkono unatetemeka, uzi unaingia, mawazo yote ya nyumbani yanatoka kichwani. Unapiga ukiwa upande wa nyuma, yaani wewe unaona mistari tu ya uzi, manyoya yenyewe yanatokea upande wa pili. Ule upande wa pili wa zulia langu ulitazama dirishani, palipo na kiti cha nguo na giza la pazia. Nilikuwa napita hapo kwa magoti, nimeinamisha kichwa. Niliugusa kwa mkono, nikasikia ulaini wake, nikaridhika.

Sikushona ua. Nilichora kibanja chetu kwa penseli. Kama unavyokiona ukisimama barabarani, nyumba mbili, migomba, mstari wa mimulamula, na kaburi la baba. Na kaburi nililiweka kulia, upande wa mama, upande wangu. Nilijiambia kwamba zulia ni zawadi ya mama. Lakini wakati ninashona nilikuwa nawaza siku ambayo kaka angeingia kwa mama, alikute limetandikwa, asimame hapo mlangoni na kofia yake mkononi, aone kaburi liko wapi. Nilitaka zulia lizungumze kwa niaba yangu. Rangi ya udongo wa kaburi nilirudia mara mbili ili ishibe vizuri.

Nikiwa katikati ya kazi hiyo mama akapiga simu. Na mama kwa simu tunaongea Kinyambo, naandika hapa kama alivyomaanisha. Aliniuliza kwanza kama nimekula, kama nasali, kama nalala. Halafu akasema amesikia nilipita Murongo nikachukua kitu.

Nikamuuliza ni nani amemwambia. Akasema kila mtu anajua, hata kanisani Jumapili wamemtazama. Nikawaona, benchi zima la akina mama wa kikundi, wananicheka na nyuzi zangu.

"Mwana wange," akasema, "hicho kitu kirudishe ulikokitoa."

"Mama, simdhuru mtu. Nikitoka kazini nakishika kidogo, akili inatulia."

"Na kaka yako?" akauliza.

Nilidhani anaogopa kwamba kaka atanicheka. Hasira ya kikao ikanipanda. "Kaka asiwe na haraka," nikasema. "Siku nikimaliza atajionea mwenyewe."

Mama akaaga kwa sauti ya mtu aliyebeba kitu kizito, akakata. Mimi nikarudi kwenye fremu yangu na kuendelea na migomba.

Baada ya hapo nilimpigia kaka mara kadhaa kuhusu mbolea ya mama, hakupokea. Nikasikia amewapeleka watoto Rugera, kwa wakwe zake, nikadhani wamekwenda kutembea. Mtu mmoja aliyetoka nyumbani akaniambia kahawa ya kaka iliyo karibu na mpaka imeiva, inadondoka, hakuna anayeichuma. Nikasema moyoni kwamba kiburi kimemfanya awe mvivu. Nilielezwa yote hayo na bado sikuelewa lolote.

Walikuja Jumamosi mchana. Nilikuwa nimebakiza kipande kidogo cha majani mbele ya nyumba ya kushoto, nikiwa na fulana na kaptula, nyuzi zimenijaa nywele. Nilikuwa nabonyeza, sikuwasikia wakipanda ngazi. Nikasikia mlango unagongwa. Nikazima, nikafanya kama ninavyofanya siku zote mtu akigonga, nikatupa shuka juu ya fremu, shuka lenye maua makubwa, nikafungua mlango kidogo.

Alikuwa mama. Amesimama kizingitini, mikono yake miwili ameishika miimo ya mlango, kushoto na kulia, ameuziba mlango mzima. Alikuwa anahema. Magoti ya mama ni mabovu, ngazi zangu hajawahi kuzipanda bila kushikwa mkono.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia marahaba. Nyuma yake, chini kidogo kwenye ngazi, niliona kofia ya baba mdogo, na nyuma ya baba mdogo, ameegemea ukuta, kaka yangu. Nilipomwona kaka niliona kwanza jinsi alivyokonda.

Baba mdogo akakohoa. Akasema wamekuja kwa amani, hawajamwita balozi wa nyumba kumi wala polisi, jambo hili ni la nyumbani na litaishia nyumbani. "Tupe hiyo bunduki," akasema, "tuondoke nayo."

Hapo kila kitu kikanijia kwa mkupuo, boksi, bodaboda, kikao, simu ya mama, watoto walio Rugera, kahawa inayooza kwenye miti. Kaka yangu, aliyenibeba mgongoni kuvuka bonde nikienda shule, alikuwa amewahamisha watoto wake kwa sababu yangu. Aliona inawezekana. Mama naye aliona inawezekana. Nilitamani ile ghorofa izame na mimi ndani yake.

Na jambo hili ni gumu kuliandika. Hata hapo, nikiwa najua tayari wanachofikiri, nilisita. Maana sasa ilinibidi nivute lile shuka. Kwa muda mfupi, mfupi sana, nilipima kipi ni kibaya zaidi, wanione muuaji au wanione nashona. Mama alikuona kusita huko usoni kwangu, na akakuelewa vibaya, na mikono yake ikashika miimo kwa nguvu zaidi.

"Ni ya kushonea," nikasema. "Mama, ni ya kushonea zulia."

Hakuna aliyeamini. Nikaichukua pale mezani. Kwa mazoea niliishika na kidole kwenye kitufe, na kaka akashuka ngazi mbili kwa kurudi nyuma. Nikawaomba waingie. Wakaingia mmoja mmoja, mama kwanza, akasimama kati yangu na wao. Nikavuta kona ya shuka upande wangu, nikaichomeka bunduki, nikaiweka kwenye kitambaa, nikabonyeza. Trrrr. Mstari wa kijani ukatokea. Nikabonyeza tena, mstari wa pili.

Baba mdogo alitazama bunduki, akatazama kitambaa, akatazama nyuzi kwenye nywele zangu. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa, hapakuwa na pa kukaa, akakaa chini mlangoni na kofia usoni. "Tumepanda gari," akawa anasema, "tumepanda gari kuja kukamata cherehani." Mama hakucheka. Alinyoosha mkono akaigusa ile bunduki kwa ncha ya kidole, mdomoni, pale uzi unapotokea. Kaka hakucheka pia. Alipiga magoti, akapita chini ya fremu bila kuombwa, nafikiri alitaka tu kuwa mbali na mimi, akatokea upande wa dirisha. Tukasikia anavuta pazia. Halafu anavuta shuka, likateleza lote.

"Umeliweka kwangu," akasema.

Sikuelewa. Nikamuuliza nini.

"Kaburi. Umeliweka kwangu."

Nilipiga magoti nikapita chini. Nikasimama kando yake, nikageuka, na kwa mara ya kwanza nikaliona zulia langu kwa upande wake wa mbele, kwenye mwanga. Kila kitu kilikuwa kimegeuka. Kona ya barabara iliyokuwa huku ilikuwa kule. Mgomba mkubwa ulikuwa umehama. Na kaburi la baba, lile nililolirudia rangi mara mbili ili lishibe, lilikuwa limelala kushoto, nyuma ya nyumba ya kushoto, limenona, jekundu, upande wa kaka yangu. Nilikuwa nimeshona kwa nyuma. Picha ilipaswa kuchorwa kinyume, na huenda kwenye zile video walisema hivyo, ila walisema kwa lugha nisiyoijua.

Kaka akakaa kwenye kile kiti, juu ya suruali zangu mbichi. Siku ya mazishi ya baba hakulia mbele za watu, alilia mgombani peke yake. Sasa alilia hapo hapo. Akasema nimsamehe. Akasema alikuwa ameamini maneno ya watu, amewaambia watoto wake kwamba baba yao mdogo ni mtu wa kuogopwa, kumbe mimi huku juu nimejifungia namshonea kaburi la mzee kwenye sehemu yake. Akaushika mkono wangu, na kiganja chake kilikuwa kigumu, na nyuzi zikanasa humo.

Nikafungua mdomo kumwambia. Naapa nilikuwa nataka kumwambia. Nilikuwa natafuta neno la kuanzia, kwamba ni kosa, kwamba mimi nililiweka kulia, kwamba usinishukuru. Wakati huo mama alikuwa amebaki upande wa nyuma. Nilimsikia anapitisha kidole kwenye mistari ya penseli, huko ambako kaburi bado liko kulia. Kisha akainama, na magoti yake yale, akapita chini ya fremu akishika mguu wa meza, akainuka upande wetu. Akalitazama zulia kwa mbele. Akageuka akanitazama mimi, mdomo wangu bado uko wazi.

"Mwana wange," akasema, "funga mdomo, nyuzi zitakuingia."

Nikaufunga.

Zulia nililimaliza, nikalipaka gundi, nikalipeleka Kibingo mwenyewe. Kaka hakubali likanyagwe, amelitundika ukutani sebuleni, karibu na picha ya harusi yake. Watoto walirudi kutoka Rugera, na yule mdogo kwa siku chache alinisalimia akiwa nyuma ya mama yake. Kaka alitaka kung'oa mimulamula yake mipya, akasema kaburi liwe kwangu, kwa moyo niliomwonyesha. Nikakataa. Nikachukua miche mwenyewe nikajazia mapengo kwenye mstari wake, uwe kama ulivyo kwenye zulia, pale pale alipotaka yeye tangu mwanzo, na baba mdogo akasimama kando akiwaambia watu kwamba hivi ndivyo elimu inavyotakiwa kumfanya mtu. Nilipanda nimeinama muda wote, nikashukuru kwamba kupanda kunahitaji kuinama.

Wageni wakifika kwa kaka, anawasimamisha mbele ya ukuta ule na kuwasimulia. Anasimulia vizuri, anaanza na bodaboda, anaiga mlio wa bunduki, na mwishoni anawaonyesha kaburi kwa kidole, hapa, mnaona, ameliweka kwangu kabla sijamwomba. Wote wananigeukia. Mimi hapo huwa nainama kufunga kamba za viatu, hata siku nilizovaa ndala.

Mambo ya ngazi niliambiwa na baba mdogo baadaye, kwa utani, tukinywa rubisi. Kwamba walipofika katikati ya ngazi waliisikia inalia kule juu, trrrr, na yeye na kaka wakajibana ukutani. Kwamba kaka alitaka kutangulia, akisema kama ni yeye anayetakiwa basi aende, na mama akamvuta shati nyuma, akampita. Kwamba ililia tena, na mama akaendelea kupanda.

Nilikaa na maneno hayo mpaka siku moja nilipomkuta mama peke yake uani, anamenya ndizi. Nikakaa chini karibu naye, nikachukua kisu kingine. Nilitaka aniambie kwamba yeye hakuamini, kwamba alikuja tu kuwatuliza watu. Nikamuuliza kama siku ile kweli aliamini kwamba mimi ningeweza.

Alimaliza ndizi aliyoishika, akaitia majini.

"Ningekuwa siamini," akasema, "ningemwacha kaka yako atangulie."

Akanisogezea karai. Tukaendelea kumenya.